Ngisi na Dome wa Maji Marefu: Kwa Nini Mshipi Unarudi Mtupu

Ukivua ngisi penye kina cha mita tano unaona karibu kila kitu: jigi inavyoshuka, ngisi anavyoifuata, hata mahali alipoghairi akaiacha. Ipeleke jigi hiyohiyo mita 40 na macho hayana kazi tena. Kilichobaki ni mshipi, ncha ya fimbo na hesabu ya sekunde. Ndiyo maana matatizo mengi ya maji marefu yanafanana yakitazamwa kutoka juu ya boti, kwa kuwa ndoo ni tupu vilevile, ilhali kule chini kila moja lina chanzo chake.

Utaratibu wangu wa kutafuta kosa ni huu. Kwanza jua jigi iko wapi. Kisha jua mnyama yuko wapi. Kisha angalia jigi inafanya nini mbele yake. Rangi ni ya mwisho kabisa. Wengi huanza na rangi, wanamaliza boksi zima la jigi, na muda wote huo hakuna hata moja iliyofika chini. Na badili jambo moja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Humu nikisema jigi ninamaanisha kile chambo bandia chenye umbo la kamba wa baharini na taji la sindano mkiani. 

Sijui kama nimegusa chini

Hili ndilo tatizo mama, na mara nyingi mtu hajui kuwa analo. Dalili yake: ukishusha mara ya kwanza unahisi mgoto wazi, mara ya pili unahisi kitu nusunusu, mara ya tatu mshipi unaendelea kutoka tu hadi unachoka kusubiri.

Anza na kasi ya kushuka. Jigi ya kawaida ya pwani, yenye urefu wa sentimita 10 hivi na uzito wa gramu 20, hushuka mita moja kwa sekunde tatu au zaidi. Imeundwa hivyo kwa makusudi, maana ngisi wa maji mafupi anapenda kitu kinachoelea polepole. Lakini mita 40 kwa mwendo huo ni dakika mbili nzima. Boti inayoelea kwa maili moja ya baharini kwa saa, mwendo ambao hata huuhisi, husogea nusu mita kila sekunde. Katika dakika hizo mbili umeshaondoka mita 60. Jigi haiko chini yako, iko nyuma yako, na huenda bado iko katikati ya maji.

Tazama basi pembe ya mshipi. Kwenye kina cha mita 50, mshipi ulioinama digrii 45 kutoka wima unahitaji mita 70 hivi kufika chini. Ukiinama digrii 60 unahitaji 100. Na hiyo ni hesabu ya mstari ulionyooka, wakati mshipi halisi majini hutoa tumbo, hasa pale maji ya juu yanapokwenda upande mmoja na ya chini upande mwingine. Tumbo hilo ndilo linalomeza mgoto wa chini, na baadaye litameza mguso wa ngisi pia.

Dawa zipo, na mpangilio wake una maana. Ya kwanza ni unene wa mshipi, kwa sababu maji hayasukumi uzito wa mshipi, yanasukuma upana wake. Uzi wa kusuka wa milimita 0.15 hadi 0.18 unatosha kabisa kwa ngisi na dome wa kawaida, na haurefuki ukivutwa kama nailoni, kwa hiyo mguso unafika mkononi. Anayeshusha nailoni ya milimita 0.40 kwenye mita 50 anapambana na bahari bila faida.

Ya pili ni uzito. Tumia jigi ya maji marefu ya gramu 30 hadi 60, au weka chubwi dogo, yaani kipande cha risasi cha kuzamishia, puani mwa jigi ya kawaida, au funga chubwi mwisho wa mshipi na jigi kwenye tawi, uzi mfupi wa pembeni, juu yake. Ongeza kidogokidogo mpaka mgoto uwe wazi, kisha koma. Uzito uliopita kiasi unaangusha jigi kama jiwe, na mnyama anayetaka kitu kinachoelea hatakigusa.

Ya tatu ni boti yenyewe. Nanga ya mwavuli, ile ya turubai inayofunguka majini, hupunguza mwendo wa kusukumwa na upepo, na husaidia kuliko kuongeza gramu 50 za risasi. Na vua upande wa joshini, ule upepo unakotoka. Upande huo mshipi unakwenda mbali na boti. Upande wa demani, ule upepo unakokwenda, boti inaupanda mshipi wako, unaingia chini ya ubavu, na pembe yake huwezi kuisoma tena.

Halafu jenga mazoea ya kugusa chini tena kila baada ya dakika mbili tatu. Mshipi wenye rangi zinazobadilika kila mita 10 ni msaada mkubwa kuliko jigi yoyote utakayonunua. Ikiwa mara iliyopita uligusa kwenye mita 55 na sasa umetoa mita 80, huna haja ya kukisia: kusanya, rudi juu ya eneo lako, shusha upya.

Nagusa chini, lakini nanasa miamba kila mara

Hapa jigi inalala chini muda mrefu mno baada ya mgoto. Inua mara moja, ukipata nusu mita hadi mita moja juu ya sakafu, kaa hapo. Ukiwa kwenye matumbawe, hamia mfumo wa tawi: chubwi linagusa, jigi inaelea juu yake. Fungia chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili likinasa likatike lenyewe na jigi irudi. Zaidi ya hapo hakuna siri, isipokuwa kuhama. Ngisi na dome wengi hupatikana pembezoni, pale mwamba unapokutana na mchanga au nyasi za bahari, si juu ya kilele cha mwamba.

Chini nipo, lakini hakuna hata mguso

Sasa swali ni la mnyama. Ngisi wengi wa rafu ya bara, ile sakafu ya bahari iliyo kando ya nchi kavu kabla ya kina kikubwa, hukaa karibu na sakafu mchana na kupanda usiku kufuata dagaa na uduvi. Mchana tafuta mita tatu za mwisho. Usiku usidhani. Anza chini, panda mita tano, tulia, panda tena, hadi upate mguso wa kwanza, kisha soma rangi ya mshipi na uwaambie wenzako wote botini kina hicho. Kundi likiwa mita 22, jigi ya mita 35 haipo kwenye karamu.

Dome ni kisa kingine. Ndani yake ana ule mfupa mweupe wenye vyumba vidogo vya gesi na maji, ambao humsaidia kuelea au kutulia bila kuogelea. Mfupa huo una kikomo. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo la angahewa moja, na kwenye mita 200 ni angahewa 21. Dome wa kawaida wa Ulaya, Sepia officinalis, mfupa wake huvunjika ukipita kiasi hicho hivi, na yule mkubwa wa Bahari ya Hindi, Sepia pharaonis, hutajwa hadi mita 130 hivi. Ukimtafuta dome mita 300, tatizo si jigi. Na ndani ya kina chake, hakai katikati ya maji usiku kucha kama ngisi. Yuko mita moja au mbili kutoka mchanga, kwa hiyo anayevua kwa kupandisha jigi juu sana atapata ngisi peke yake na kusema dome wamekwisha.

Mvua kubwa ni chanzo ambacho watu hukipuuza. Hakuna ngisi, dome wala pweza anayeishi maji ya mto, na wengi wao hukimbia maji yaliyopungua chumvi. Lakini maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu. Baada ya mvua, penye kina, tabaka la juu linaweza kuwa tope tupu wakati mita 20 chini maji ni safi na yana chumvi yake. Wanaovua juujuu hurudi nyumbani. Wewe shusha chini ya tabaka hilo kabla ya kukata tamaa, au sogea mbali na mdomo wa mto.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unaweza kukuzidi nguvu. Usilazimishe saa nzima. Zile dakika za maji kusimama, kabla hayajageuka, jigi yako inakaa wima na ngisi hahangaiki na mkondo. Panga zikukute mahali pazuri. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni kinyume, wakati mwingine boti haisogei kabisa na unavua sehemu ileile bila kujua. Hapo tumia injini kuhama mita mia moja moja.

Taa inawaka, ngisi nawaona, lakini hawali

Hili huumiza roho kuliko ndoo tupu. Wako pale, chini ya taa, na jigi inapita katikati yao kama haipo.

Taa haimvuti ngisi peke yake, inavuta pia vidudu na dagaa anaowala. Yeye hupenda kukaa gizani na kushambulia kuelekea kwenye mwanga. Mstari wenyewe, pale kivuli cha boti kinapokutana na nuru, ndipo mahali pa kuwinda. Wale unaowaona juu wakitalii katikati ya mwanga mara nyingi ni wadogo au ni wale walioshiba. Shusha jigi kwenye kivuli, mita kadhaa chini ya hao unaowaona, iache itulie pale. Kama taa ni kali sana, zima baadhi. Ukipunguza nuru polepole kundi hukusanyika na kupanda. Ukizima zote kwa mpigo hutawanyika.

Mwezi mpevu hupunguza nguvu ya taa kwa sababu bahari nzima imewaka, na ngisi hana sababu ya kuja kwako. Hata hivyo mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Usiku wa tatu baada ya mwezi mpevu una saa mbili na zaidi za giza kabla haujachomoza, na saa hizo ni za dhahabu. Ukikosa dirisha hilo, sahau taa, vua chini kama unavyovua mchana.

Wananigusa, hawanasi

Ncha ya fimbo inatikisika, au mshipi uliokuwa umekaza unalegea ghafla, unavuta, hakuna kitu. Mara kumi.

Ngisi ana mikono minane na minyiri miwili mirefu yenye vikombe vya kunasia mwishoni. Mguso wa kwanza ni wa minyiri: anaichomoa, anashika, anapima. Akiridhika anavuta windo kwenye mikono minane, karibu na domo. Ukivuta wakati wa minyiri, unampokonya. Ukichelewa sana, anagundua kitambaa na plastiki, anaachia. Nafasi iko katikati ya hayo mawili, na huipati kama mshipi una tumbo.

Kwa hiyo kagua mambo matatu kabla ya kulaumu ngisi. Je, jigi inatulia kweli? Utaratibu unaozaa penye kina ni kuinua jigi mara nne au tano kwa nguvu ya wastani, kisha kuisimamisha kabisa kwa sekunde tano hadi kumi huku mshipi umekaza na jicho liko kwenye ncha ya fimbo. Karibu kila mguso huja wakati huo wa kutulia. Kama unainua na kushusha fimbo bila kukoma kwa sababu boti inayumba, jigi inacheza ngoma ambayo ngisi hawezi kuifuata. Fuata wimbi kwa fimbo: boti ikipanda shusha ncha, ikishuka inua, ili kule chini jigi isisogee.

La pili, unatambua miguso yote? Penye kina ngisi mara nyingi hashuki na jigi, anapanda nayo. Uzito unapungua, ncha iliyokuwa imepinda inanyooka. Huo ni mguso, vuta. Dome hafanyi hata hayo. Yeye huja kama kipande cha mwani kilichoning'inia, uzito wa kujongea, bila mtikisiko. Ukihisi jigi imekuwa nzito bila sababu, inua fimbo taratibu na uanze kukusanya.

La tatu, sindano. Zipitishe juu ya ukucha. Ikiteleza, haina kazi. Sindano moja iliyopinda nje ya taji inaweza kuikinga nyingine isimguse mnyama. Hazina meno ya kuzuia kama ndoana, ukali ndio kila kitu.

Kama yote matatu yako sawa na bado wanagusa tu, punguza ukubwa wa jigi. Hatua moja chini inatosha. Weka chubwi zaidi kufidia uzito.

Ananasa, anachomoka njiani

Nyama ya ngisi ni laini na sindano hazina meno, kwa hiyo sekunde moja ya mshipi kulegea inatosha kumpoteza. Kutoka mita 50 kuna sekunde nyingi za kulegea. Usipige fimbo kwa mtindo wa kuvuta na kushusha. Weka fimbo pembe moja, kunja rili kwa mwendo mmoja usiobadilika hadi juu. Akipiga maji ya nguvu na kurudi nyuma, acha kukunja, rili itoe uzi, kisha endelea.

Ikiwa kinachofika juu ni mnyiri mtupu, breki ya rili imekaza mno. Ipime kwa kuning'iniza chupa ya maji ya nusu lita mwisho wa mshipi: breki inapaswa kutoa uzi polepole kwa uzito huo, au zaidi yake kidogo tu. Kwa ngisi wakubwa wa zaidi ya kilo mbili kaza kiasi, si zaidi ya kilo moja.

Wengi zaidi hupotea mita mbili za mwisho, anapokutana na hewa. Usimtoe kichwa majini kabla wavu haujawa tayari. Weka wavu nyuma yake, upande wa mkia, kwa sababu akishtuka atakimbilia huko na kuingia mwenyewe. Subiri ateme wino na maji mara ya kwanza akiwa bado baharini.

Walikuwa wanakula, ghafla kimya

Mara nyingine ni wewe: boti imetoka kwenye kundi. Angalia kina na mahali uliposhusha mara ya mwisho uliyopata, rudi pale. Mara nyingine ni mgeni. Pomboo au jodari wakifika, ngisi hutoweka kwa dakika chache na hakuna jigi itakayowarudisha. Sogea au pumzika. Ngisi akija juu ameng'atwa mkia na kitambaa cha jigi kimechanwa kama kwa mkasi, walio chini ni samaki wenye meno, mara nyingi bunju, na njia pekee ya kuokoa vifaa ni kuhama.

Na ukiwa na bahati ya aliyenasa kufuatwa na wenzake, usimtoe haraka. Mwache mita kadhaa chini huku mwenzako akishusha jigi kando yake. Ngisi hulana wenyewe kwa wenyewe, na kundi lililosisimka hubaki.

Kuna kimya kingine ninachokiheshimu. Jigi ikirudi na vifuko vyeupe laini kama vidole vilivyoshikana, umeshusha kwenye mayai. Ngisi wengi huishi mwaka mmoja hivi, huzaa na kufa, kwa hiyo kizazi kijacho chote kiko kwenye vifuko hivyo. Rudisha vilivyonasa majini, pandisha chubwi, ondoka hapo.

Sasa rangi

Nimeiweka huku mwisho kwa sababu imebaki kidogo sana ya kusema. Jicho la ngisi na la dome, kwa spishi karibu zote, lina aina moja tu ya rangi ya kunasia nuru. Hawatofautishi nyekundu na kijani kama sisi, wanasoma mwangaza, kivuli na mwelekeo wa mawimbi ya nuru. Isitoshe, wekundu hunyonywa na maji ndani ya mita 10 za mwanzo au hapo karibu. Jigi nyekundu kwenye mita 40 ni jigi nyeusi. Hilo si baya, kwani weusi dhidi ya maji yenye mwanga kutoka juu ni umbo linaloonekana vizuri. Kwa hiyo beba za aina tatu: yenye giza, yenye kung'aa kama magamba, na yenye kuwaka gizani kwa maji machafu na usiku usio na taa. Zibadilishe kwa tofauti hizo, usizibadilishe kutoka waridi kwenda chungwa.

Nyuzi zinasokotana

Tawi la jigi ni refu mno au linashushwa haraka mno. Sentimita 50 hadi 80 zinatosha mkondo ukiwa hafifu. Mkondo ukiwa na nguvu unaweza kwenda mita moja na nusu, kwani maji yenyewe yanalinyoosha. Zuia rili kwa kidole kila mita 10 wakati wa kushusha, ili jigi ikae nyuma badala ya kujifunga kwenye mshipi.

Nataka kina zaidi ya hapo

Zaidi ya mita 200 au 300 fimbo ya mkono na jigi ya gramu 40 vimefika mwisho wa uwezo. Kuna ngisi huko. Yule mkubwa aitwaye Thysanoteuthis rhombus hukaa mamia ya mita chini wakati wa mchana, na wavuvi wa Japani humvua kwa mshipi wima wenye boya juu, taa ndogo ya kuzamishwa na jigi kubwa chini. Ni kazi ya rili ya umeme na chubwi la kilo, na makosa yake yana mwongozo wake.

Nimepata, lakini nyama imebadilika rangi

Maji ya barafu iliyoyeyuka yamemgusa. Ngisi na dome hunyonya maji matamu, nyama inavimba na ladha inapotea. Wakishatema wino, wachome kati ya macho kwa kitu chembamba hadi ngozi upande mmoja igeuke nyeupe, kisha upande wa pili. Watie kwenye mfuko uliofungwa, na mfuko ndio ukae juu ya barafu. Mikono iwe mbali na domo muda wote huo, hasa la dome. Linang'ata hadi damu.